Kaka anasema nitawaaibisha wazazi kwenye mgahawa wenye nyota

Shikamoo Anti,

Mimi ni muuguzi, naishi Lyon, Ufaransa, na kwetu ni mtoto wa mwisho. Mwezi wa sita wazazi wangu wanakuja kunitembelea huku kwa mara ya kwanza. Baba amestaafu ualimu mwaka huu. Mama ni mpishi wa shughuli. Harusi na hitima nyingi za mtaani kwetu zimepita kwenye masufuria yake, na mshahara wa Baba ulipochelewa, pesa za masufuria hayo ndizo zilizotulipia ada.

Nilitaka kuwafanyia jambo ambalo hawajawahi kufanyiwa. Nimeweka nafasi ya watu wanne, Jumamosi saa mbili usiku, katika mgahawa wa Kifaransa hapa mjini wenye nyota moja ya Michelin, ule mwongozo unaopima migahawa kwa nyota moja hadi tatu. Usiku wana menyu moja tu, vyakula saba vinavyoletwa kimoja kimoja, euro 150 kwa mtu, vinywaji mbali. Mchana siku za kazi wana menyu fupi ya euro 60, lakini niliona nikiwapeleka hiyo nitakuwa nimewabania. Kadi yangu ya benki wanayo tayari. Nikifuta zikiwa zimebaki chini ya saa 72, wanakata euro 80 kwa kila kiti.

Mtu wa nne ni kaka yangu mkubwa anayeishi Marseille. Nilipomweleza alinijia juu. "Unataka wazee wakaaibike. Mama ataanza na uma upi? Baba ataletewa kijiko kimoja cha chakula kwenye sahani kubwa, arudi na njaa yake. Hela hiyo kwa nini usimalizie bati za nyumba?" Anataka nifute, tupike kwangu. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Na siwezi kusema hana hoja. Wazazi wangu hawanywi pombe, hawali nguruwe, na nyama nyingine hawaigusi mpaka wajue imechinjwaje. Baba ana kisukari na ana dawa zake za saa. Mama nyumbani anakula kwa mkono. Kifaransa hawakijui. Halafu bili ikiletwa popote Baba lazima aichukue aisome. Akiona euro 600 chakula chote kitamtokea puani. Mimi mwenyewe niliwahi kualikwa sehemu kama hiyo na wenzangu wa kazini, na muda mwingi nilikuwa naangalia wengine wanashikaje vitu.

Kaka yeye ni mzoefu. Anakula sehemu hizo na wateja wa kampuni yao, na mvinyo anakunywa, ingawa nyumbani hawajui. Ndiyo maana maneno yake yananitia hofu, maana anajua yaliyomo.

Anti, nifute? Na kama niende, nifanyeje wazazi wangu wakae pale kwa heshima yao?

Mtoto wa mwisho, Lyon

*

Marahaba mwanangu.

Usifute. Lakini usiende usiku. Hamisha nafasi hiyo iwe mchana wa siku ya kazi, hiyo hiyo menyu ya euro 60 uliyoiona ndogo, na kabla wazazi hawajapanda ndege uwe umeshazungumza na mgahawa, na Mama, na kaka yako. Mgeni kama wako heshima yake hutengenezwa kwenye simu, siku nyingi kabla ya kitambaa kutandikwa mezani.

Nianze na saa, kwa sababu naona imekupita. Mwezi wa sita jua la Lyon linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Mkikaa mezani saa mbili, Magharibi inaingia mko kwenye sahani ya nne au ya tano, na wakati wake ni mfupi. Wazazi wako wataanza kuangaliana. Baba atauliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali pa kusali, Mama atasema sala atailipa baadaye, na kuanzia hapo chakula kitakuwa kinapita tu. Mchana hakuna shida hiyo. Adhuhuri ya Lyon mwezi huo inaingia karibu saa nane kasorobo, na Alasiri haifiki mpaka karibu saa kumi na mbili jioni. Mkiingia saa sita na robo, mkatoka saa nane na nusu au tisa, mtasali nyumbani kwako bila kukimbizana.

Dawa za Baba nazo zinasema hivyo hivyo. Wewe ni muuguzi, unajua kuliko mimi nini kinamtokea mtu aliyemeza dawa ya kisukari halafu akakaa saa tatu anasubiri sahani zinazokuja kwa mwendo wa jikoni. Chakula cha mchana ni kifupi na kinaangukia saa aliyozoea kula. Omba mkate uletwe mara mnapokaa, na uulize mapema kitindamlo ni kipi ili ujue kama atakula chote au ataonja. Mambo ya vipimo vya dawa siku hiyo uyamalize na daktari wake kabla hajasafiri.

Kuhusu kuwabania, ondoa wazo hilo. Jiko la mchana ni lile lile, wapishi ni wale wale. Migahawa mingi ya Ufaransa yenye nyota huwa na menyu ya mchana kwa makusudi, na Wafaransa wengi wa mishahara ya kawaida ndiyo njia yao ya kuingia. Watu wanne mchana ni euro 240, usiku ni 600. Hizo 360 zinazobaki, kama bati za nyumba zinakuuma, zipeleke kwenye bati. Kwa hilo kaka yako amesema kweli na huna sababu ya kumkatalia.

Mwezi wa sita bado uko mbali, kwa hiyo hilo sharti la saa 72 halikugusi. Piga simu, usitumie ile sehemu ya kufuta kwenye mtandao. Sema unataka kuhamisha siku, na ukiwa bado kwenye simu eleza wageni wako ni nani.

Hapa naomba usome taratibu, maana watu wengi wanaishia kusema "hawali nguruwe, hawanywi pombe" wakadhani wamemaliza. Katika jiko la Kifaransa pombe haikai kwenye glasi peke yake. Sosi nyeupe ya siagi inayomwagwa juu ya samaki huanza na mvinyo mweupe. Sosi nyeusi nyingi ni mvinyo mwekundu uliochemshwa ukapungua. Konyaki huingia kwenye supu ya kamba, ramu huloweshwa kwenye keki baada ya keki kutoka kwenye oveni. Na usikubali kuambiwa kwamba moto umeimaliza yote, kwani si kweli. Kiasi fulani hubaki. Nguruwe naye anajificha: vipande vya mafuta yake kwenye mboga, gelatini, ile ya kugandishia inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwenye vitindamlo laini vinavyotikisika. Hata sahani ya samaki inaweza kuwekewa mchuzi uliotokana na mifupa ya ndama au kuku, na hapo unarudi kwenye swali la kuchinja.

Sheria haitakufanyia kazi hii. Migahawa ya Umoja wa Ulaya inalazimika kutoa taarifa za vitu 14 vinavyoleta mzio, kama karanga, maziwa, mayai na samaki. Pombe na nguruwe hawamo kwenye orodha hiyo. Usipouliza wewe, hakuna anayelazimika kukuambia.

Kwa hiyo omba meza nzima iandaliwe samaki na mboga, bila pombe hata kwenye sosi na vitindamlo, bila nguruwe, bila gelatini ya mnyama, bila mchuzi wa nyama. Sema pia samaki wa wazazi aive mpaka ndani, kwa sababu wapishi wa pale wanapenda kumtoa motoni katikati bado aking'aa, na Mama akimwona hivyo ataweka uma chini. Ukishasema kwa mdomo, yaandike kwa barua pepe, na siku moja kabla upige tena kuhakikisha. Mpishi akipewa wiki mbili anapanga vizuri. Akiambiwa mkiwa mmeshakaa, ataondoa tu vitu kwenye sahani na kuwaletea kilichobaki.

Usione haya kuomba haya. Alain Passard wa Paris aliondoa nyama nyekundu kwenye menyu ya mgahawa wake, L'Arpège, mwaka 2001, akaweka mboga mbele, na nyota zake tatu zikabaki. Mboga na samaki katika jiko la kiwango hicho ni chakula cha heshima kamili. Na kama mgahawa wako utasema hauwezi, au ukasikia sauti ya kuchoshwa kwenye simu, basi umejua mapema. Shukuru, tafuta mwingine. Ila mtu akikwambia uwapeleke kwenye vile vimgahawa vya asili vya Lyon vinavyoitwa bouchon kwa sababu ni rahisi zaidi, kataa. Ni vizuri kwa wanaovila, lakini vimejengwa juu ya nguruwe na matumbo.

Sasa Mama. Hapa ndipo barua yako iliponigusa, na ndipo nisipokubaliana kabisa na kaka yako.

Mnamzungumzia Mama kama mtu wa kufunikwa asionekane. Atashika uma upi, anakula kwa mkono, Kifaransa hajui. Lakini mistari michache juu umeniambia mwenyewe kwamba ni mpishi. Katika watu wanne watakaokaa kwenye meza ile, mwenye fani ni mmoja, naye ni yeye. Unajua wakaguzi wa Michelin wanaangalia nini wanapotoa nyota? Ubora wa vitu vilivyonunuliwa, umahiri wa kupika, ladha zinavyokubaliana, mkono wa mpishi mwenyewe kuonekana kwenye chakula, na kama chakula ni kile kile leo na miezi ijayo, sahani hii na ile. Mapambo ya ukumbi na vitambaa havihesabiwi kwenye nyota. Sasa niambie, ni lipi kati ya hayo ambalo mpishi wa shughuli halijui? Mtu ambaye harusi ya kwanza na ya hamsini anatakiwa atoe sufuria lenye ladha ile ile, watu wakimsubiri na jua likiwaka, anaujua ugumu huo kuliko wateja wote watakaokuwa ukumbini.

Tena mpo Lyon. Jina la mji huo katika upishi lilijengwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliopikia familia za watu kisha wakafungua migahawa yao. Watu wa pale waliwaita "akina mama wa Lyon". Eugénie Brazier alikuwa mmoja wao. Alizaliwa 1895, akakulia shambani, shule akaipata kidogo tu, akafanya kazi za ndani, na mwaka 1921 akafungua mgahawa wake katika mtaa wa Rue Royale. Mwaka 1933 Michelin ikampa nyota tatu huko mjini, na nyota nyingine tatu kwa mgahawa wake wa pili milimani, nje ya Lyon. Kabla yake hakuna mpishi aliyekuwa amewahi kushika nyota sita kwa pamoja. Msimulie Mama habari hii mkiwa nyumbani, kabla ya siku yenyewe. Akijua kwamba jiko analoenda kulitembelea limezaliwa mikononi mwa wanawake kama yeye, ataingia pale na macho mengine.

Na kwenye barua pepe yako ongeza mstari mmoja: mama yangu ni mpishi wa harusi, tunaomba kama inawezekana aone jiko baada ya chakula. Wapishi wengi wanafurahia ombi hilo, na huduma ya mchana inapokuwa imepungua nafasi hupatikana. Wanaweza kukataa, hawana wajibu. Lakini hata wakikataa, watakuwa wamejua ni nani ameketi pale, na mhudumu atamweleza chakula kwa adabu ya mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi. Wewe kazi yako itakuwa kutafsiri. Tafsiri kila kitu, hata maswali yake magumu. Akiuliza kwa nini kitunguu hakijakaangwa, uliza hivyo hivyo.

Mambo ya uma yasikuchukulie usingizi. Vilivyo pembeni kabisa huanza, mnaingia ndani kadiri sahani zinavyokuja, na mhudumu huondoa vilivyotumika na kuleta vingine. Vitu vidogo vya mwanzo mara nyingi huliwa kwa vidole na kila mtu, mkate humegwa kwa mkono, kwa hiyo Mama ataanza mlo wake kwa namna aliyoizoea. Mikono ikae juu ya meza. Wafaransa ndivyo wanavyopenda. Mtu aliyewakaribisha wageni nyumbani kwake maisha yake yote ana utulivu wa mezani ambao haufundishwi kwa visu. Ukianza kumnong'oneza "Mama, siyo hicho", wewe ndiye utakayemwaibisha. Nyamaza, ale.

Kuhusu njaa ya Baba, kaka yako anaitazama sahani moja peke yake. Chakula kile hupimwa kwa jumla yake: mkate na siagi, vionjo vya mwanzo, samaki, mboga, jibini, kitindamlo, na vitamutamu vya mwisho. Jibini huja kabla ya kitindamlo, na Baba akipenda anaweza kuishia hapo. Watu wengi hutoka pale wameshiba kuliko walivyotarajia.

Maji: mhudumu atauliza kama mnataka ya kawaida au yenye gesi. Yote mawili huwa ni ya chupa na yanalipiwa. Sema karafu ya maji, yaani jagi la maji ya bomba. Kwa sheria ya Ufaransa maji ya bomba kwa wanaokula ni bure, hata kwenye mgahawa wenye nyota, na hakuna atakayewaangalia vibaya. Uliza pia kama wana vinywaji visivyo na pombe vya kuendana na chakula. Migahawa mingi siku hizi inatengeneza juisi na chai zake kwa kazi hiyo, ila chunga sukari kwa ajili ya Baba.

Bili usiiache ifike mezani. Waambie kwenye simu kwamba wewe ndiye mwenyeji na utalipa pembeni. Omba pia wageni wapewe menyu isiyo na bei; migahawa mingi ya aina hii inazo. Baada ya kitindamlo unainuka kama unaenda kunawa, unalipa, unarudi. Huduma imeshajumlishwa kwenye bei, kwa hiyo bakshishi si lazima. Ukiridhika unaacha kidogo. Lakini Baba akikuuliza baadaye ulilipa ngapi, mwambie kweli. Amestaafu ualimu, hesabu ya euro 240 ataibeba, na atajua binti yake anajua kupanga. Uongo akiugundua ndio utakaomtokea puani.

Nimerudi kwa kaka yako. Umeandika kwamba anakunywa mvinyo na nyumbani hawajui, ukapita haraka ukaenda kwenye swali lako. Mimi nimesimama hapo. Mtu aliyezoea migahawa hiyo anajua kitu cha kwanza kinachofanyika mkishakaa: mhudumu anakuja kuuliza mtaanza na kinywaji gani, kisha mwingine analeta orodha ya mvinyo, na mara nyingi anamkabidhi mwanamume anayeonekana kuwa mkubwa wa meza. Pale mezani, mbele ya Baba na Mama, huyo ni Baba au ni yeye. Siwezi kuusoma moyo wake kutoka hapa. Lakini mtu anayewaonea wazee haya ya uma, huku mwenyewe ana jambo ambalo meza hiyo hiyo inaweza kulifunua, huenda hofu yake haikuanzia kwa Mama.

Siri hiyo ni yake. Usimtishe nayo, usimwombe aitangaze, usiitumie kushinda ugomvi. Ila unaweza kumwondolea mtego. Kwenye ile simu ya mgahawa omba orodha ya mvinyo isiletwe kabisa kwenye meza yenu, wala glasi za mvinyo zisitandikwe. Ni ombi la kawaida, wanalifahamu.

Kisha mpigie yeye. Mwambie umehamisha, sasa ni mchana, bei imeshuka, na tofauti inaenda kwenye bati kama alivyosema. Mwambie chakula ni samaki na mboga, hakuna mvinyo wowote utakaoletwa, meza nzima mnakunywa maji. Sema hilo kama unavyosema mengine, usisimame hapo kusubiri atasema nini. Halafu mpe kazi yake: akae karibu na Baba, amtafsirie, amwangalie asipitilize sukari, na bili akiiona inakuja kwa bahati mbaya aishike yeye kwanza. Yeye ndiye mkubwa na ndiye mzoefu. Tangu mwanzo ulipaswa kumpangia nafasi hiyo badala ya kumpa taarifa.

Treni ya kasi, TGV, kutoka Marseille mpaka Lyon haifiki saa mbili, kwa hiyo akiondoka asubuhi anawahi bila kulala. Mpe siku mbili tatu afikirie ratiba yake ya kazi. Akikataa, piga simu mgahawani kabla ya zile saa 72, meza iwe ya watu watatu, na uende na wazazi wako.

Anti